Mkataba kwanza, barafu baadaye: safari ya chipukizi wa hoki kutoka Urusi hadi Kanada

Nizhnekamsk ni mji wa viwanda vya kemikali na matairi huko Tatarstan, ndani kabisa ya Urusi. Hata hivyo, watu wa hoki ya barafu wakianza kubishana kuhusu vijana wa Kirusi wanaohamia Kanada, haichukui muda majina mawili ya watoto wa mji huo yanatajwa. La kwanza ni Nail Yakupov, aliyezaliwa 1993. Alikwenda kuchezea Sarnia Sting katika ligi ya vijana ya Ontario, msimu wake wa kwanza akafunga mabao 49 na kufikisha pointi 101 (mabao yake na asisti, yaani pasi za mabao, zikijumlishwa), na mwaka 2012 Edmonton Oilers wakamchagua namba moja kwenye drafti, siku ambayo timu za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, hugawana chipukizi. Ilipofika 2018 alikuwa amesharudi kucheza Urusi. Mechi zake zote za NHL ni 350.

La pili ni Mikhail Sergachev, aliyezaliwa 1998. Yeye alitua Windsor, jimbo lile lile la Ontario, mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Sarnia. Leo ana makombe mawili ya Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, la 2020 na la 2021, yote akiwa na Tampa Bay Lightning.

Mji mmoja, njia moja, matokeo mbali kabisa. Ongeza hapo Kirill Kaprizov, mtoto wa Siberia ambaye hakuwahi kuchezea ligi yoyote ya vijana ya Amerika Kaskazini. Alibaki Urusi hadi akafikisha miaka 23, na msimu wake wa kwanza Minnesota akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa NHL. Sasa nani atakuambia kwamba Kanada inajenga, au kwamba Kanada inaharibu?

Ubishi huo wa ligi ipi ni bora umeshika mkia wa jambo badala ya kichwa. Kinachoamua safari ya kijana wa Kirusi ni karatasi: amesaini nini, na nani, akiwa na umri gani, na karatasi hiyo inaisha lini. Ukielewa hilo, mambo mengi yanayoonekana kama vurugu yanakaa mahali pake.

Tuanze na ramani. NHL ndiyo ligi kubwa kuliko zote duniani, ina timu 32 za Marekani na Kanada, na kila mwaka timu hizo hugawana chipukizi katika drafti ya raundi saba, wachezaji 224. Kijana anaingia kwenye drafti mwaka anaofikisha miaka 18 kabla ya tarehe 15 Septemba au siku hiyo yenyewe. Kuchaguliwa si kusajiliwa. Ni timu kupewa haki ya kuzungumza naye peke yake, timu nyingine zote zikae pembeni.

Upande wa Urusi kuna KHL, iliyoanzishwa 2008, na chini yake ligi ya vijana, MHL, iliyoanza 2009. Sababu moja ya kuianzisha MHL ilikuwa hii hii tunayoizungumzia: vijana walikuwa wanaondoka, na Urusi ilikuwa haina ligi ya vijana ya nchi nzima yenye hadhi ya kuwashika. Karibu kila klabu kubwa sasa ina timu yake humo. CSKA wana Krasnaya Armiya, Lokomotiv ya Yaroslavl wana Loko, SKA ya St. Petersburg wana SKA-1946. Nizhnekamsk nao wana Reaktor, jina lililowafaa watu wa mji wa viwanda.

Upande wa Kanada kuna CHL, ambayo kusema kweli ni mwavuli wa ligi tatu: ya Ontario, ya Quebec na majimbo ya Atlantiki, na ya Magharibi. Ukizijumlisha unapata timu takriban 60, chache zikiwa upande wa Marekani, za vijana wa miaka 16 hadi 20. Marekani wana ligi yao pia, USHL. Huko ndiko Andrei Svechnikov alikoanzia, Muskegon, kabla ya kuhamia Barrie ya Ontario na kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2018.

Msomaji wa soka atajiuliza: mtoto wa miaka 16 anahamaje bara zima? FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Hoki haina ukuta wa namna hiyo. Shirikisho la kimataifa, IIHF, linadai kadi ya uhamisho, yaani kibali kinachopita katika mashirikisho ya pande zote mbili, na mzozo mkubwa kwa kawaida huwa ni mkataba wala si umri. Ndiyo maana unakuta mtu kama Ivan Provorov, mzaliwa wa Yaroslavl, aliyekwenda Pennsylvania akiwa na miaka 13, bado mtoto wa shule. Alipita USHL, akaenda Brandon katika ligi ya Magharibi, na mwaka 2015 Philadelphia wakamchagua wa saba.

CHL haipokei wageni hovyo. Kwa miaka mingi kila timu iliruhusiwa nafasi mbili tu za wachezaji wasiotoka Kanada au Marekani, na nafasi za wageni hujazwa kwa drafti ya wageni inayofanyika kiangazi. Hesabu mwenyewe: timu 60, nafasi mbili mbili, zikigombewa na Wacheki, Waslovakia, Wafini, Waswidi, Wajerumani, Waswisi, Wabelarusi na Warusi. Kijana anayepata nafasi hiyo tayari ni wa daraja la juu kwao, kwa sababu hakuna kocha atakayetupa moja ya nafasi zake chache za wageni kwa mtu wa kukalia benchi.

Namna drafti hiyo inavyofanya kazi ukiitazama kwa karibu ni kichekesho kidogo. Kwenye karatasi, timu dhaifu ndiyo inayochagua mapema. Ila meneja anaweza kumchagua kijana bora wa Kirusi halafu kijana asitokee, na nafasi ikawa imepotea hivyo hivyo. Basi siku za kabla ya drafti simu za mawakala haziishi. Wakala anamwambia meneja mmoja, "Huyu yuko tayari kuja, lakini kwako tu." Meneja mwingine anaambiwa, "Usipoteze muda, huyu hatoki Urusi." Timu yenye jina, yenye kocha anayejulikana na yenye historia ya kulea Warusi, hupata mtu mzuri hata ikichagua nyuma kabisa. Quebec Remparts walijenga jina la namna hiyo. Alexander Radulov alicheza pale chini ya Patrick Roy, golikipa maarufu aliyegeuka kocha, na msimu wa 2005-06 alifunga mabao 61 na asisti 91, pointi 152 katika mechi 62, kisha wakabeba Kombe la Memorial, kombe la ubingwa wa CHL nzima. Ukiwa wakala, unataka maelezo gani zaidi ya kumpa mzazi?

Wageni wote hawakuwa sawa, lakini. Mwaka 2013 CHL ilitangaza kwamba drafti ya wageni haitachagua tena magolikipa, ili makipa wa Kanada wapate nafasi ya kukua. Marufuku hiyo ilidumu hadi 2018. Kipa wa Kirusi wa kizazi hicho hakuwa na uamuzi wa kufanya. Mlango ulikuwa umefungwa.

Basi kwa nini kijana aondoke kwao? Jibu la kwanza ni dakika. Mechi ya hoki ni dakika 60, na timu hutumia mistari minne ya washambuliaji watatu watatu, wakipokezana kila baada ya sekunde 40 au 50 kwa sababu mbio zile hazibebeki zaidi ya hapo. Mstari wa kwanza hucheza dakika 18 au 20. Mstari wa nne unaweza kupata saba. Na hoki ya Urusi ina kiti kingine kinachojulikana sana, cha mshambuliaji wa 13: umevaa jezi, uko benchi, na unaweza kumaliza mechi nzima umeingia mara mbili au tatu.

Ivan Demidov anajua kiti hicho. Montreal Canadiens walimchagua wa tano mwaka 2024, yeye akiwa bado na mkataba SKA. Msimu uliofuata alifunga na kutoa pasi hadi akafikisha pointi 49 katika mechi 65 za KHL, nyingi kuliko zote zilizowahi kupatikana na mchezaji wa umri wake katika ligi hiyo. Msimu huo huo, kuna mechi kocha alimchezesha dakika chache tu, na mashabiki wa Montreal walikuwa wakiangalia saa ya dakika zake kila usiku kama watu wanaofuatilia bei ya mafuta. Mkataba ulipovunjwa mapema Aprili 2025, hazikupita siku nyingi akawa Kanada. Tarehe 14 Aprili alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL dhidi ya Chicago, na kabla kipindi cha kwanza hakijaisha alikuwa na bao na asisti.

Ikiwa mwenye kipaji cha Demidov anaweza kukaa benchi, wa daraja la chini yake atakaa wapi? Ndani ya klabu kubwa ya Urusi, kijana wa miaka 18 anazunguka kati ya MHL, ambako ameshawazidi wenzake, na KHL, ambako kocha anatafuta ushindi wa leo kwa sababu ajira yake ni ya leo. Katikati kuna ligi ya pili, VHL, ambayo wengi hawaitamani. CHL inampa kitu kimoja kwa uhakika: mstari wa kwanza, mechi kama 68 kwa msimu mbali na mtoano, na maskauti wa NHL, yaani wasaka vipaji, jukwaani karibu kila usiku.

Kuna uwanja wenyewe pia. Viwanja vya kimataifa vilijengwa kwa upana wa hadi mita 30, na vingi vya Urusi vilifuata mtindo huo. Uwanja wa NHL una upana usiozidi mita 26. Mita nne zinaonekana si kitu, mpaka uwe winga uliyezoea kuzungusha kisahani (kinachochezewa badala ya mpira) pembeni na kutafuta nafasi ya kufikiri. Kwenye uwanja mwembamba beki anakufikia kabla hujainua kichwa. Kujifunza hilo ukiwa na miaka 17 mbele ya watoto wenzako, na kujifunza ukiwa na 22 mbele ya wanaume wa kilo 100, ni mambo mawili tofauti.

Lakini dakika na upana wa uwanja ni vitu ambavyo klabu ya Urusi ingeweza kuvijibu ikitaka. Mzizi uko kwenye karatasi, na hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

NHL ina makubaliano ya uhamisho na nchi kadhaa za Ulaya: mchezaji akiondoka, klabu yake inalipwa kiasi kilichokubaliwa, mambo yanaisha. Urusi haimo tangu katikati ya miaka ya 2000. Warusi waliona fedha inayotolewa ni ndogo mno kulinganisha na gharama ya kumlea mtoto tangu akiwa na miaka sita, na katika hilo ni vigumu kuwalaumu. Shule ya hoki ya Magnitogorsk au Yaroslavl inamvisha mtoto, inampa barafu, makocha na safari kwa zaidi ya miaka kumi. Akifika 18 aondoke kwa bei ya kutupa?

Matokeo ya kutokuwa na makubaliano yalionekana Agosti 2006. Evgeni Malkin, aliyechaguliwa wa pili na Pittsburgh mwaka 2004, alikuwa amesaini karatasi mpya na Metallurg Magnitogorsk baada ya shinikizo kubwa. Siku chache baadaye timu ikaenda Finland kwa maandalizi ya msimu. Walipotua Helsinki, Malkin akaiacha timu uwanja wa ndege na kutoweka. Alijificha kwa siku kadhaa hadi viza ya Marekani ikapatikana, akaruka. Wanasheria wake walitumia kifungu cha kawaida cha sheria ya kazi ya Urusi kinachomruhusu mfanyakazi yeyote, mwashi au mhasibu, kuacha kazi kwa notisi ya wiki mbili. Metallurg walikwenda mahakamani Marekani wakashindwa. Mwaka 2008 sheria ya kazi ya Urusi ikaongezewa sura maalumu ya wanamichezo, na kuondoka kwa notisi fupi hakukuwa tena rahisi hivyo.

Upande wa pili nao ulikuwa na la kusema. Mwaka huo huo wa 2008 Radulov, aliyekuwa bado na mwaka mmoja wa mkataba Nashville, aliondoka akasaini Salavat Yulaev ya Ufa katika KHL iliyokuwa inaanza. Nashville walilalamika, wakaambulia kulalamika. Baadaye ligi hizo mbili zikatia saini hati ya kuheshimiana mikataba, ambayo NHL iliisimamisha mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza. Kwa vitendo NHL bado haimchukui mchezaji mwenye mkataba hai wa KHL.

Hapo ndipo hesabu ya mtoto wa miaka 16 inapoanzia. Klabu yake inataka asaini mkataba wa kulipwa, mara nyingi wa miaka miwili au mitatu, wakati mwingine mrefu zaidi. Akisaini, ameuza pia miaka ya mbele. Matvei Michkov alifungwa na SKA hadi 2026. Alikuwa na kipaji cha kuchaguliwa wa pili au wa tatu kwenye drafti ya 2023, lakini timu sita zikampita, kwa sababu moja kubwa kwamba meneja anayeogopa kufukuzwa kazi hana subira ya miaka mitatu. Philadelphia wakamchukua wa saba. SKA wakamwachia mapema, kiangazi cha 2024, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na haki ya kulitegemea, na msimu wake wa kwanza Marekani akafunga mabao 26.

Asiposaini, na akavuka akiwa na miaka 16 au 17 kabla mkataba wa watu wazima haujamfunga, anafika siku ya drafti bila mnyororo. Timu inayomchagua inajua itampata. Kwa kijana wa kipaji cha kati tofauti hii ni kubwa mno. Timu itamsubiri Michkov miaka mitatu, itamsubiri Kaprizov mitano, aliyechaguliwa wa 135 mwaka 2015 na kufika 2020 tu. Beki wa raundi ya nne hakuna atakayemsubiri.

Na sasa sehemu ambayo hata mashabiki wa siku nyingi huichanganya. Kwa kanuni zilizofuatwa chini ya mkataba wa pamoja wa NHL na wachezaji wake wa 2013, timu iliyomchagua kijana kutoka klabu ya Urusi ilibaki na haki zake bila kikomo, kwa kuwa hakuna makubaliano ya uhamisho ya kuweka tarehe. Aliyechaguliwa kutoka CHL, awe Mrusi au Mkanada, saa ilianza kugonga: timu isiposaini naye mkataba hadi tarehe 1 Juni ya mwaka wa pili baada ya drafti, ilimpoteza. Kwa hiyo kuhamia Kanada kulimpa kijana nguvu ya kudai jibu. Kubaki Urusi kulimfanya akiba ya kabatini, ambayo timu ingeweza kuitoa miaka sita baadaye ikipenda.

Ila CHL nayo ina kamba yake. Kwa makubaliano yake na NHL, kijana wa miaka 18 au 19 aliyechaguliwa kutoka CHL ama anacheza NHL moja kwa moja ama anarudishwa kwenye timu yake ya vijana. Haruhusiwi kwenda AHL, ligi ya watu wazima inayolisha NHL. Sergachev aliionja kanuni hiyo. Montreal walimchagua wa tisa mwaka 2016, akacheza mechi chache za NHL vuli ile, halafu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa katikati, akarudishwa Windsor. Hakupoteza, kwani Windsor walibeba Kombe la Memorial 2017. Mwenzake wa mwaka uliofuata, Klim Kostin, alichaguliwa wa 31 na St. Louis akitokea Dynamo Moscow, na akiwa na miaka 18 tu akapelekwa San Antonio kucheza AHL. Kanuni haikumhusu, kwa sababu jina lake liliingia kwenye drafti kupitia klabu ya Urusi. Mkataba mpya wa NHL unaoanza Septemba 2026 umepangwa kulegeza kidogo, kwa kuiruhusu kila klabu kumpeleka AHL kijana mmoja wa CHL wa miaka 19.

Halafu ikaja 2022 na kupindua meza. IIHF iliziondoa timu za Urusi na Belarus kwenye mashindano yake yote, ya wakubwa na ya vijana. Kwa msomaji wa mbali hilo linaweza kuonekana kama adhabu ya bendera. Kwa chipukizi lilikuwa pigo la soko. Maskauti wengi wa NHL walikuwa wakiwaona vijana wa Kirusi katika mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18 na 20, palepale wakiwapima na Waswidi na Wamarekani. Mashindano hayo yakaondoka. Kwenda Moscow kuwatazama kukawa kugumu. Video ikabaki kuwa jicho, na meneja hapendi kutumia nafasi ya raundi ya kwanza kwa mtu aliyemwona kwenye skrini pekee.

Ungetarajia basi kwamba wote wangekimbilia Kanada wakaonekane. Lakini mwezi Aprili 2022 CHL nayo ikawafungia Warusi na Wabelarusi drafti yake ya wageni, na 2023 ikafanya hivyo hivyo. Waliokuwa wameshafika waliruhusiwa kuendelea. Pavel Mintyukov alikuwa mmoja wao: msimu wa 2021-22 alicheza Saginaw, akapata pointi 62 akiwa beki, na Anaheim wakamchagua wa kumi. Aliyezaliwa mwaka mmoja au miwili baada yake, akiwa na miguu ile ile na mkono ule ule, alikuta mlango umefungwa. Mlango ulifunguliwa tena kwa drafti ya 2024. Kuna kizazi kidogo katikati kilichopitwa na njia bila kosa lake, na sidhani kama takwimu za hoki zitawahi kueleza vizuri kilipoteza nini.

Kipindi hicho hicho kesi ya Ivan Fedotov ilizitia hofu familia nyingi. Kipa huyo wa CSKA alikuwa amesaini na Philadelphia Mei 2022. Tarehe 1 Julai akakamatwa St. Petersburg akidaiwa kukwepa jeshi, na akapelekwa kituo cha jeshi la majini kaskazini, karibu na Bahari ya Aktiki. Alifika Philadelphia Machi 2024. Huduma ya jeshi nchini Urusi ni ya lazima, na tangu mwanzo wa 2024 umri wa mwisho wa kuitwa umepandishwa kutoka 27 hadi 30. Vilabu vikubwa vina njia za kuwatimizia wachezaji wao wajibu huo bila kushika bunduki kwa muda mrefu. CSKA yenyewe ilizaliwa kama klabu ya jeshi. Kijana aliyeko Kanada hana mwavuli huo. Anaporudi nyumbani kiangazi, anarudi kama raia mwingine yeyote mwenye umri wa kuitwa.

Na kurudi kwenyewe si kazi ndogo. Kanada na Urusi zilifungiana anga mapema 2022, hivyo safari hupitia Istanbul, Dubai au kwingineko, na viza inaweza kumweka mtu akisubiri wakati timu imeshaanza mazoezi.

Akishafika, anapokelewa na familia ya wenyeji, utaratibu wa kawaida kwa CHL nzima: chumba, chakula, na mama wa Kikanada asiyejua neno la Kirusi. Anasafiri kwa basi usiku kucha, na katika ligi ya Magharibi safari moja inaweza kula siku nzima. Posho ni ndogo. Wapo wanaochanua. Wapo pia ambao wana mabao mengi na hawana mtu wa kuzungumza naye, na makocha wengi wa CHL watakwambia kwamba mwezi wa pili au wa tatu ndio mbaya, baridi ikiwa imeshuka na ugeni umeacha kuwa mpya.

Kuna mlango mwingine uliofunguliwa karibuni, na naona ndio utakaobadilisha hesabu kuliko vita vya mikataba. Kwa miongo mingi vyuo vikuu vya Marekani, chini ya NCAA, viliwakataa waliopita CHL, kwa hoja kwamba CHL ina watu waliosaini NHL na inalipa posho, kwa hiyo ni ligi ya kulipwa. Novemba 2024 kanuni hiyo ikafutwa, kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Sasa Mrusi anaweza kuingia CHL akiwa na miaka 17, akachaguliwa, kisha akaenda chuo akiwa na 19, na chuo si AHL, hivyo ile kamba ya umri haimgusi. Dosari ni kwamba wanafunzi wa Kimarekani wanaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, wakati viza ya mwanafunzi wa kigeni inambana katika kufanya kazi na kupokea fedha za namna hiyo.

Kwa hiyo familia ya Yaroslavl au Chelyabinsk inayoketi leo na wakala ina maswali manne ya kumuuliza kabla ya kuuliza ligi ipi ina kasi. Klabu inataka kijana asaini mkataba wa miaka mingapi, na ukiisha atakuwa na umri gani? Drafti itamkuta amesajiliwa upande upi wa bahari, maana hilo linaamua kama AHL iko wazi kwake? Timu ya Kanada inayomtaka imeshajaza nafasi zake za wageni? Na akirudi likizo, nani atashughulikia faili lake la jeshi? Ivan Ryabkin aliyapitia mengi ya haya hadharani. Aling'ara MHL akiwa mdogo, mambo yakaharibika kati yake na Dynamo Moscow, na katikati ya msimu wa 2024-25 akahamia Muskegon. Jina lililokuwa likitajwa kwenye nafasi za juu za raundi ya kwanza lilisomwa mwisho wa raundi ya pili, namba 62, na Carolina.